Nimejifukiza udi Alhamisi, jirani kaniuliza: "Kwani mume karudi?"

Bint_Majengo (mleta uzi), Jumamosi saa 3:10 usiku

Salaam alaikum jamani, na habari za jioni kwa wote. Nina jambo limenikaa tangu juzi, nikaona nilitoe hapa kabla sijamtolea mwenyewe nikaja kujuta.

Nakaa Majengo, zile nyumba zetu za vyumba sita na ukumbi katikati. Kila mtu ana mlango wake, lakini harufu ni ya wote. Wa chumba cha kwanza akikaanga samaki, nguo za chumba cha sita zanuka. Nina miaka 41. Niliachika 2017, wanangu wawili wako bweni, na kazi yangu ni ukarani kule Changamwe, kutwa makaratasi ya makontena. Alhamisi hutoka mapema, basi jioni ya Alhamisi nimeifanya yangu.

Nianze na maji, kwa sababu Mombasa raha yoyote yaanza na maji. Ya kisima chetu yana chumvi, sabuni haitoi povu hata uisugue mpaka iishe. Kwa hivyo nanunua mitungi miwili ya maji tamu kwa wa mkokoteni: mmoja wa kupikia, mmoja wangu pekee yangu. Naumimina kwenye karai, natupia majani ya mrehani, nayaacha hapo huku nikifagia chumba. Kisha naoga polepole kama mtu asiyedaiwa. Nikitoka nasugua liwa, ule mti wa kunukia, kwenye msio, jiwe la kusugulia alioniachia nyanya yangu, naipaka usoni na shingoni, nalala kwenye mkeka chini maana sakafu ndiyo yenye ubaridi. Liwa ikianza kukauka uso wavuta kama umeazima uso wa mtu mwengine. Naiosha, napaka mafuta ya nazi, navaa dera safi. Makaa mawili kwenye chetezo, udi kipande kama punje ya mahindi, naining'iniza nywele juu ya moshi. Asmini chache kwenye mto. Chai ya tangawizi. Simu naizima. Basi, hayo tu, saa moja na nusu kwa wiki.

Juzi nimefungua mlango kumwaga maji, jirani yuko ukumbini na wenzake wawili wachambua mchicha. Akavuta pua, akasema, "Shoga, udi wote huo! Kwani mume karudi?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba nilicheka. Nikarudi ndani nikakifunika chetezo na sufuria kama mtu aliyeshikwa na kitu cha wizi.

Sasa nauliza: udi una mwenyewe?

KutokaBara, Jumamosi saa 3:32 usiku

Nimetandika mkeka wangu hapa, uzi huu sitoki. Mimi nimezaliwa Nyeri, nimeolewa Mombasa. Wiki ya kwanza ya ndoa, mama mkwe aliweka chetezo chini ya kikapu kilichogeuzwa, juu yake katandaza kanzu za Ijumaa. Nikaona moshi unatoka kwenye nguo. Nikamwaga ndoo nzima. Miaka imepita na kwenye harusi za ukoo bado nasimuliwa, tena mbele yangu.

Naomba kueleweshwa, udi na ubani ni kitu kimoja?

Mja_Likoni, Jumamosi saa 3:50 usiku

Dada Bint_Majengo, pole, lakini jirani yako hakukosea sana. Kwetu udi una lugha yake. Chumba kikifuka udi usiku watu wanajua maana. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858 akimfundisha kujipamba, na mafundisho yale yalimhusu mume. Hatukuanza sisi. Ukitaka kunukia pekee yako jipake losheni, losheni haipiti chini ya mlango.

Nyanya_Kibokoni, Jumamosi saa 4:15 usiku

Mjukuu wangu wa Likoni, ukitaja utendi utaje na mtunzi. Mwana Kupona alipoutunga, mumewe Bwana Mataka alikuwa kashafariki, na mwenyewe yuko kitandani mgonjwa. Mjane mgonjwa ndiye aliyekumbuka kumwambia mtoto wake aoge, ajisinge, atunge asmini. Wewe unafikiri asmini zile alizijua kwa kusikia?

Halafu nikwambie. Nilipokuwa mdogo udi na ubani havikuwa vya chumbani tu. Mtoto akizaliwa, nyumba hufukizwa. Maulidi, hufukizwa. Nguo za Idi hufukizwa kabla ya kuvaliwa. Hata mtungi wa maji ya kunywa ulikuwa ukigeuzwa juu ya moshi wa ubani kwanza, ndipo utiwe maji, na ukiyanywa mchana wa kaskazi unahisi umekunywa upepo. Mtungi nao ulikuwa na mume?

Wa Nyeri, karibu mwanangu. Ubani ni utomvu, unatoka kwenye miti ya Somalia na Omani, ndio yale mawe manjano meupe yanayoyeyuka juu ya kaa. Udi ni mti wenyewe, watoka mbali, India na nchi za mashariki yake. Na mti ule ukiwa mzima haunukii kitu. Ni mpaka uingiliwe na ukungu uugue, ndipo utoe utomvu mweusi wa kujitibu, na huo utomvu ndio tunaounusa. Ndio maana bei yake haishikiki. Kipande kizuri ni kizito, ukikitia majini chazama. Huu unaouzwa kwa vikopo, unaonatanata, ni wa kupikwa kwa sukari na manukato. Si mbaya, mimi pia ninao, lakini ukiutia moto mkali waungua sukari na chumba kinanuka kashata iliyoharibika. Acha kaa lishike jivu jeupe kwanza.

KutokaBara, Jumamosi saa 4:21 usiku

Kwa hivyo miaka yote hii nimekuwa nikiunguza sukari. Asante nyanya.

Muuguzi_Tudor, Jumapili saa 1:05 asubuhi

Nimetoka zamu ya usiku, nimesoma uzi wote nikiwa kwenye matatu. Bint_Majengo, saa moja na nusu kwa wiki si nyingi, endelea. Ila kama kawaida yangu niharibu starehe kidogo.

Makaa kwenye chumba kilichofungwa dirisha ni hatari, na hatari yenyewe haina harufu, kwa hivyo udi hautakuonya. Dirisha wazi, na chetezo kitoke nje kabla hujalala. Mwenye pumu asikae juu ya moshi kabisa.

La pili ni piko, ile nyeusi ya kuchorea maua, na hapa nitakaa kidogo. Hina ya majani ni salama kwa watu wengi, na nzuri. Ikitolewa mkononi huwa ya rangi ya chungwa, kisha kwa siku moja au mbili yaiva mpaka inakuwa kahawia. Hina haiwi nyeusi tititi kwa nusu saa. Ikiwa nyeusi hivyo, hiyo imetiwa rangi ya nywele, na ile rangi ina kemikali ambayo ngozi za watu wengine haziivumilii. Nimempokea bibi harusi siku ya tatu ya harusi yake: maua yote mkononi yalikuwa yamesimama kama yalivyochorwa, jani kwa jani, ila kwa malengelenge. Kovu lilibaki na umbo la ua. Na mtu akishapata hivyo mara moja, mwili hausahau, hata rangi ya kichwani itamdhuru baadaye. Kwa hivyo mwambieni mchoraji mnataka nyekundu. Akisema nyeusi ndiyo ya kisasa, mwambieni mna haraka.

Watoto wachanga msiwapake hina, wala wanja machoni. Wapo watoto pwani hii wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe za damu, ambao hina yaweza kuwavunjia damu, na hujui mtoto wako ni yupi. Wanja wa jiwe nao mwingine una madini ya risasi ndani yake, ni sumu.

Na ndimu usoni kisha jua la Mombasa: hapana. Maji ya ndimu yakikutana na jua kwenye ngozi huunguza, yaacha madoa meusi ya miezi.

KutokaBara, Jumapili saa 1:40 asubuhi

Nisaidie na moja kabla hujalala. Kwetu baridi inakausha ngozi, nimezoea mafuta mazito ya kopo asubuhi na jioni. Hapa nikipaka, kifua na mgongo vinatoka vipele vidogo vinavyochoma kama upupu, zaidi Februari na Machi.

Muuguzi_Tudor, Jumapili saa 1:48 asubuhi

Hiyo ni harara. Vijitundu vya jasho vimeziba, na mafuta mazito ndiyo yanayoziba zaidi. Acha kopo likae likungoje safari ya Nyeri. Koga maji ya baridi, vaa pamba isiyokubana, jikaushe kwa kupapasa. Nalala.

Nyanya_Kibokoni, Jumapili saa 2:20 asubuhi

Na liwa. Sugua nene, paka, kaa mbele ya feni. Tulikuwa tukiwapaka watoto mgongo mzima wakati wa kaskazi, wanacheza barabarani kama vizuka.

Mama_Wawili_Kisauni, Jumapili saa 5:00 asubuhi

Nimeona mafuta ya nazi yametajwa mara moja yakapitwa. Hapana. Hayo ndiyo kwetu, nitayasema mimi.

Msinunue ya chupa za njiani ikiwa mna mikono. Nachukua nazi kumi zilizokomaa, zile ukitikisa zasikika maji kidogo. Nakaa kwenye mbuzi mlangoni, nakuna, na hapo tayari starehe imeanza kwa sababu kila anayepita anasimama kuongea, hata wa deni. Nakamua kwa kifumbu, tui la kwanza na la pili nachanganya, nalifunika usiku kucha. Asubuhi mafuta mazito yamepanda juu kama kofia, maji yako chini. Natoa ile kofia peke yake, naiweka kwenye sufuria nzito, moto mdogo. Mdogo! Hapa ndipo watu huharibu. Yatachemka kwa kelele kama mvua ya bati, kisha kelele inapungua, na ikipungua ndipo usiondoke, maana shata, yale mashapo, iko chini yageuka kahawia, na kutoka kahawia hadi kuungua ni muda wa kumfokea mtoto mmoja. Mimi ninao wawili. Epua, chuja kwa kitambaa. Shata iliyobaki nyunyizia sukari, wape hao hao watoto wanyamaze.

Nazi kumi hazitoi mafuta mengi, msinitukane. Lakini harufu yake na ile ya dukani ni kama mwari na picha ya mwari.

Chicha usitupe. Changanya na unga wa dengu na maji kidogo, jisugue mwili mzima bafuni kabla ya kuoga. Manjano ukipenda, ila mimi nilitia manjano nikavaa leso nyeupe, mama mkwe akauliza kama nimeanza ualimu wa michezo ya harusi. Na msiimwage chicha kwenye shimo la choo, litaziba.

KutokaBara, Jumapili saa 5:12 asubuhi

Mimi yangu yaliganda Julai, meupe kama nta. Nikayatupa nikidhani yameharibika.

Mama_Wawili_Kisauni, Jumapili saa 5:15 asubuhi

Uuuwi! Umetupa mazima! Mafuta ya nazi huganda yakishuka kama nyuzi 24 hivi. Kusi ikivuma, asubuhi ya Julai hapa yaganda chupani, saa sita yamerudi maji. Yakiganda ndiyo ujue ni ya kweli. Weka chupa juani, au iweke kwapani ukichemsha chai.

Fundi_Makupa, Jumapili saa 8:45 mchana

Naomba nisichekwe. Mimi mwanamume, nachomea vyuma Makupa, kutwa niko ndani ya viatu vya ngozi. Nina magaga. Si magaga ya kawaida, ni ya kukwama kwenye shuka. Mke wangu kasema ama miguu ama yeye. Hapa pana ruhusa ya mwanamume?

Nyanya_Kibokoni, Jumapili saa 9:10 alasiri

Ruhusa ipo, babu. Marehemu mume wangu alikuwa mpagazi bandarini, miguu ikimwaka moto usiku nilikuwa nampaka hina nyayoni. Asubuhi anavaa viatu, nani atajua?

Kwa magaga: maji ya vuguvugu na chumvi, miguu ikae humo mpaka chai yako iishe. Kisha jiwe la kusugulia, polepole, si kama unasugua chuma. Kausha katikati ya vidole. Mafuta ya nazi mengi, soksi ya pamba, ulale. Ukifanya siku moja ukaacha, usinirudie hapa.

Muuguzi_Tudor, Jumapili saa 11:30 jioni

Nimeamka. Fundi, kama una sukari, usitumie jiwe wala maji ya moto, nenda miguu itazamwe. Kama huna, fuata nyanya.

BiShwari, Jumapili saa 2:40 usiku

Nimesoma tangu jana sikutaka kusema. Nitasema.

Mume wangu alifariki mwaka juzi. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi. Mnaojua mnajua: hakuna manukato, hakuna hina, hakuna wanja, hakuna nguo ya kung'aa. Sikuona tabu, kusema kweli, sikuwa na hamu ya kitu. Chakula kilikuwa chakula. Usiku ulikuwa usiku. Watu walikuja, wakaenda, sikumbuki nani alisema nini.

Siku ya kutoka eda binti yangu alikuja kutoka Bondeni na kikuba, asmini na mrehani, zimefungwa kwa uzi na kipande cha mkadi katikati. Hakusema neno, akanibandika kifuani kwa pini. Ile harufu ilipopanda, nilijua ya kwamba nilikuwa nimesahau nina pua. Miezi minne nilikuwa nikivuta hewa tu. Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi, na kilio chenyewe hakikuwa cha huzuni peke yake.

Tangu hapo kila jioni nanunua kikuba kwa kijana anayepita na sinia baada ya alasiri. Navaa, nakaa barazani na kahawa yangu chungu na kipande cha haluwa, naangalia watu wanaotoka msikitini. Najua wanasema. Shemeji yangu mmoja alinitumia ujumbe kabisa, kuuliza kama kuna posa. Nilimjibu ipo, ya muuza asmini, kila siku ananiletea maua.

Bint_Majengo, toa sufuria juu ya chetezo.

Bint_Majengo, Jumapili saa 3:05 usiku

BiShwari nimeshindwa kuandika. Allah amrehemu.

Mja_Likoni, Jumapili saa 3:20 usiku

Mimi nabaki nilipo, mila ni mila. Lakini hilo la mtungi sikulijua. Na Mungu ampe mume wa BiShwari kauli thabiti.

Mama_Wawili_Kisauni, Jumatatu saa 12:50 asubuhi

Mja, "nabaki nilipo" ndivyo asemavyo mtu aliyeshahama mguu mmoja. Tunakuona.

Bint_Majengo, Ijumaa saa 2:15 usiku

Nimerudi na taarifa, mlioulizia.

Jumatatu nilipotoka kazini sikwenda nyumbani, nilikwenda Biashara Street kwenye maduka ya leso. Nilikuwa na hasira zangu, natafuta jina la kumjibu jirani. Nilisoma leso mpaka muuzaji akanipa kiti. Mwishowe nikachukua iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", nyekundu na nyeusi, nikashona pindo usiku huo huo.

Nyanya_Kibokoni, Ijumaa saa 2:19 usiku

Astaghfirullah. Leso ya namna hiyo ni vita. Hukuona bora kumpelekea kipande cha udi?

Bint_Majengo, Ijumaa saa 2:41 usiku

Nyanya nisikilize kwanza. Jana Alhamisi nikafanya yangu yote kama kawaida, ila safari hii mlango niliuacha nusu wazi na chetezo nikakiweka kizingitini. Leso nimeianika kwenye kamba ya ukumbini, maandishi yametazama mlango wake. Nikakaa kwenye mkeka na liwa usoni, nasubiri.

Akatoka. Nikamsikia akasimama. Kimya kirefu. Mimi ndani moyo unagonga, liwa imeanza kupasuka kwa sababu nimekunja uso. Akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi, akaniona nilivyo mweupe, akaruka. Kisha akasema, "Leso yako nimeisoma." Nikasema, "Naam." Akasema, "Nzuri. Rangi hiyo naitafuta tangu Ramadhani. Umenunua doti nzima? Nikatie kipande nitakulipa mwisho wa mwezi."

Jamani sikuwa na jibu. Nikamkatia. Kabla hajatoka aliinama pale kizingitini, akajifunika ushungi juu ya chetezo, akavuta moshi mara mbili tatu, akaenda zake. Leo asubuhi nimemwona anaelekea sokoni kajifunga "Hasidi hana sababu", na mimi nimejifunga ya kwangu, tumeongozana mpaka kituo cha matatu kama watoto wa shule moja.

KutokaBara, Ijumaa saa 2:44 usiku

Nacheka peke yangu jikoni, mama mkwe anauliza kama nimeunguza udi tena.

Mja_Likoni, Ijumaa saa 2:58 usiku

Hiyo leso ipo pia ya rangi ya bluu? Namtafutia mama yangu.

Fundi_Makupa, Ijumaa saa 4:30 usiku

Na mimi nitoe taarifa. Siku sita za maji ya chumvi na soksi. Mguu wa kushoto umelainika, shuka haikwami. Wa kulia bado, kisigino kina kovu la cheche za zamani. Mke kasema anangoja wa kulia.